Vifungo vya Mbele

Mwanahawa, lete madera yako yote kabla ya Jumatano.
Siyapunguzi. Nayapasua mbele,
toka shingoni hadi kitovuni, nitie vifungo
vikubwa, vya kushikika kwa vidole vya mkono mmoja.
Maana huo wa kushoto, ukitoka hospitali,
hautapanda kichwani hata uuite kwa jina la babake.
Mimi nilinaswa ndani ya dera la zambarau,
siku ya tatu, kichwa ndani, mkono nje,
nikalia humo gizani mpaka Zuena akaja na mkasi.
Dera jipya. Hakuuliza.

Utatoka na mirija miwili na vichupa vyake.
Usivibane kwa pini, pini hufunguka usiku.
Nimekushonea kifuko cha leso, chenye mkanda wa shingoni.
Jina la leso lilikatika: chako kinasema SIKUJUA KAMA,
lililobaki analo Bi Rukia wa Bondeni,
aliyekutangulia mwezi wa Rajabu.
Maji yake yapime, uyaandike daftarini.
Mwanzo yana rangi ya mabuyu,
kisha chai ya rangi,
kisha maji ya bungo, hapo mirija i karibu kutoka.
Yakirudi mabuyu, au ukipata homa, usiningoje mimi. Rudi kwa daktari.

Usipande tuktuk.
Nasoro atakuja na gari la kazini kwake,
nimeshamwambia kila tuta analoliruka ni deni.
Mto huu wa sufi uweke kati ya mkanda na kifua.
Ukifika nyumbani, utie kwapani.
Utalala nusu umekaa, mito minne mgongoni,
na stima ikikatika usiku wa joto
kitambaa cha maji kiweke kisogoni,
kisishuke kwenye kidonda.

Mbuzi ya nazi ifiche chini ya kitanda.
Ukiiona utaikalia, nakujua.

Watakuja wageni.
Mmoja atasema heri titi kuliko roho.
Ni kweli.
Mwambie chai iko kwenye chupa, ajimiminie.

Kuna jambo sikuambiwa, nakwambia wewe:
litakuwasha lile lisilokuwepo.
Usiku utanyoosha mkono kulikuna, ukute bandeji.
Hujarukwa na akili.
Langu liliwasha kila mtoto wa jirani alipolia,
na huyo Zuena wangu ana miaka thelathini.

Daktari akikuruhusu, simama karibu na ukuta
utembeze vidole juu kama buibui,
yule mdudu, si vazi.
Panapouma, tua. Tia alama ya chaki ya kushonea.
Yangu ya kwanza iko chini ya swichi ya taa.
Ya mwisho iko juu ya kalenda,
fundi wa rangi alitaka kuipaka
nikamwambia hapo ruka.

Na kidonda kikishafunga,
njoo nikutilie titi la sufi kwenye sidiria.
La kwanza nililojishonea lilikuwa jepesi mno,
nikiinama chereheni linapanda,
siku moja mteja anapima suruali ya mumewe
nami titi limenifika mtulingani.
Nikaongeza konzi ya mtama.
Sasa limetulia, lina adabu kuliko la kweli.

Sasa simama nikupime.
Mikono juu. Yote miwili, leo bado inakwenda.
Kifua: thelathini na nane.
Naandika kwa wino.
Ukipona nitaandika nyingine chini yake,
hii siikati.

Na lile dera la kijani, la kubana,
ulilosema utampa mtu?
Lilete nalo.
Nani kakwambia umpe mtu?